Mwenyeji Huonja Kwanza

Ipo nchi ambayo jina lake sitalitaja, si kwa sababu nimelisahau, bali kwa sababu wenye nchi hiyo hawapendi kutajwa isipokuwa katika nyimbo. Atakayeitambua na anyamaze. Asiyeitambua na ashukuru.

Nchi hiyo imejaliwa mambo mengi mema. Ina Wizara ya Afya, Maandiko na Sherehe, na wizara hiyo ina Waziri, Mheshimiwa Mwinyikombo, mtu mnene wa mwili na wa maneno, ambaye hapakuwa na kisima kilichochimbwa wala choo cha soko kilichojengwa pasipo yeye kukikatia utepe. Ina pia desturi moja ya kale, ambayo watoto wa huko huijua kabla ya kujua kufunga vifungo vya nguo zao: mwenyeji huonja kwanza. Ukimkaribisha mgeni maji, uji au kahawa, huna budi kunywa funda moja mbele ya macho yake, ndipo umkabidhi kikombe. Wao huita jambo hilo kuondoa shaka. Asiyeonja hashitakiwi wala hatukanwi. Ila tangu siku hiyo hapana mtu atakayekula kwake, wala yeye hatakula kwa mtu, kwa kuwa hapana atakayemwonjea. Nimeitaja desturi hii mapema ili msije mkasema baadaye kwamba niliificha.

Sasa, katika mji mkuu wa nchi hiyo alikuwako bwana mmoja aitwaye Zahoro, aliyejipa mwenyewe cheo cha Tabibu wa Matabibu kwa kuwa hapakutokea mtu mwingine wa kumpa. Bwana Zahoro alitengeneza dawa ya wanawake iitwayo Tulizo la Mama. Aliipikia uani kwake, mapipani: sukari iliyounguzwa, maji ya kisima, karafuu za kufukuza harufu, na ile spiriti ya rangi ya zambarau ambayo watu wengine huwashia majiko. Hayo aliyajua kila jirani mwenye pua. Lebo ya chupa, hata hivyo, ilisema mengine. Ilisema kwamba Tulizo hutuliza tumbo la uzazi, hushikilia mimba, huongeza maziwa, huondoa huzuni, hung'arisha uso, na humrudisha nyumbani mume aliyezoea kuchelewa. Ilisema pia kwamba imetengenezwa kwa mizizi isiyopatikana popote duniani, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Alikuwako vilevile mjane mmoja, Bi Shumbana, msukaji wa mikeka, mwenye binti mmoja tu aitwaye Asumini. Asumini aliolewa, mimba yake ya kwanza ikatoka, na ya pili akaiogopea sana. Akanunua Tulizo. Akanywa kijiko asubuhi na kijiko jioni, na alipoona maumivu hayaishi akaongeza, kwa maana lebo iliagiza hivyo: nafuu ikichelewa, zidisha. Mimba haikukaa. Na Asumini alipoamka kitandani, alimwuliza mama yake kwa nini hawajafungua madirisha.

Madirisha yalikuwa wazi.

Bi Shumbana alimshika binti yake mkono, akamwongoza hadi hospitali. Mwuguzi mkuu, Sista Leokadia, aliyatazama macho ya Asumini, akainusa chupa, akajua. Lakini ukutani, juu ya kichwa chake, lilibandikwa agizo la Wizara, lililokataza mtu yeyote kutibiwa kama aliyedhuriwa na kitu chenye leseni ya serikali. Sista akalisoma kwa sauti, kama alivyoamriwa kulisoma kila litakapohitajika.

"Dawa yenye leseni haidhuru. Aliyedhurika na arudi nyumbani kwake, akachunguze amekula nini kingine."

Kisha akalia, jambo ambalo agizo halikulikataza.

Bi Shumbana hakulia. Walipofika nyumbani alimkalisha Asumini mkekani, akaiweka ile chupa juu ya rafu mahali pa Kurani, na Kurani akaipandisha juu zaidi.

"Mwanangu," alisema, "aliyekupa kikombe hiki hakuonja. Mimi sifi mpaka nimwone akionja."

*

Tangu siku ile Bi Shumbana alikuwa akienda kuketi langoni mwa Wizara, yeye na binti yake na chupa yao. Hakupiga kelele. Wanawake waliopita walimwuliza, naye akawaeleza; na kila aliyeelezwa alirudi nyumbani akachukua chupa yake mwenyewe, akaja akaketi. Alikuja mmoja aliyeachwa na figo zake, na mwingine aliyebeba kitambaa cheupe cha mtoto ambacho hakikupata kuvaliwa. Mwisho lango likajaa hata magari ya wageni wa kigeni yakashindwa kuingia. Hapo ndipo serikali, ambayo moyo wake ni mwepesi kuguswa, ilipoyaona mateso ya akina mama.

Waziri akaunda jopo la wataalamu. Jopo lilikaa, likala, likachambua. Likagundua kwamba chupa haikumdanganya mtu, kwa kuwa chupa haisemi. Maji yaliyomo hayakumdanganya mtu, kwa kuwa maji hayajui kuandika. Bwana Zahoro naye hakumdanganya mtu, kwa kuwa wanawake wengi walionunua hawakupata kuonana naye. Aliyesema uongo, aliyeusema waziwazi, kwa herufi kubwa na wino mwekundu, alikuwa mmoja tu, naye ni lebo.

Amri ikatoka kwamba lebo zote zikamatwe. Askari wakaingia duka hata duka, wamebeba mabeseni ya maji ya moto na visu vya kukwangulia. Walizibandua lebo, wakazifunga pingu za kamba, wakazipakia kwenye karandinga. Chupa walizipangusa vizuri kwa kitambaa, wakazirudisha kwenye rafu, wakawaaga wenye maduka kwa heshima.

Kesi ilisikilizwa hadharani. Lebo moja iliteuliwa kuziwakilisha nyingine, ikapigiliwa kwenye ubao na kusimamishwa kizimbani, askari huku na askari huku. Jaji akaiuliza kama inakiri kosa au inakana. Lebo ikanyamaza. Jaji akarudia swali, akaionya kwamba ukaidi wake utazidisha adhabu. Lebo ikaendelea kunyamaza, na mahakama ikaandika kwamba mshitakiwa ni mjeuri.

Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Bwana Zahoro. Alikuja amevaa nyeusi, ameshika leso. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa kuliko wote, maana wengine walidanganywa na lebo ya mtu baki, ilhali yeye alidanganywa na lebo ya nyumbani. Alipoulizwa nani aliyeiandika, alijibu kwamba iliandikwa chumbani kwake, kwa kalamu yake, na yeye mwenyewe akiwapo, ila moyo wake haukuwapo. Watu wazima walitikisa vichwa kwa huruma. Jaji alimpa maji, naye, kwa kuwa desturi ni desturi, alimtaka karani ayaonje kwanza.

Kisha Asumini aliitwa kumtambua mshitakiwa. Aliletwa karibu na kizimba, akaulizwa kama hiyo ndiyo lebo aliyoiona. Asumini akajibu kwamba haoni. Mahakama ikaandika kwamba mlalamikaji ameshindwa kumtambua mshitakiwa.

Bi Shumbana akasimama, akaomba neno moja tu.

"Bwana Jaji, huyu shahidi amepata kuonja?"

Jaji alimweleza, bila ukali, kwamba kuonja ni jambo la jikoni, na mahakama ile haikuwa jiko. Bi Shumbana akakaa. Lebo ikahukumiwa kuchomwa moto mbele ya raia, na ilichomwa siku hiyohiyo, kwa tarumbeta na ngoma. Moshi wake ulinuka gundi. Bwana Zahoro alivishwa Nishani ya Mwathirika wa Taifa. Waziri ndiye aliyemvisha. Wawili hao wakapendana tangu siku ile, na majirani wanasema kwamba karandinga la Wizara lilianza kuonekana uani kwa Bwana Zahoro, likishusha mapipa mapya. Mimi sisemi lolote. Magari nayo huhitaji mahali pa kupumzika.

*

Chupa isiyo na lebo haipendezi rafuni, kama mtu asiye na nguo sokoni. Waziri alilijua hilo. Akaamua kuandika lebo mpya kwa mkono wake mwenyewe. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa na makosa ya sarufi ambayo darasa la nne la zamani lingechapwa kwayo. Sitayarudia hapa, nisije nikaonekana nayaafiki. Iliposahihishwa, ilisomeka hivi: Tulizo la Taifa. Haijathibitishwa kumdhuru mtu yeyote. Yafaa wake kwa waume, wagonjwa kwa wazima. Juu ya maneno hayo ilichapishwa picha ya Waziri mwenyewe, akitabasamu.

Ikatangazwa kwamba, kuanzia siku ya uzinduzi, Tulizo la Taifa litagawiwa katika kliniki zote kwa kila mwanamke mwenye mimba, atake asitake, ili uzalendo uanze mapema. Waziri alihutubia redioni. Alizungumza juu ya mama kama nguzo, mama kama taa, mama kama mnazi, na mifano mingine ya vitu visivyouliza maswali. Kisha akamalizia:

"Serikali ndiyo mwenyeji wa nchi hii, nami ndiye mkono wake wa kukaribisha. Kila mwanamke ni mgeni wetu mpendwa. Na mgeni mwema haulizi amepikiwa nini."

Bi Shumbana alikuwa akimsuka Asumini nywele. Chanuo likasimama. Kisha Asumini akasikia jambo ambalo hakulisikia tangu siku ile ya madirisha: mama yake alikuwa anacheka.

"Unacheka nini, mama?"

"Amejiita mwenyeji, mwanangu. Nchi nzima imemsikia, na kinywa kilichosema ni chake."

*

Akina mama wakatuma ujumbe Wizarani kwamba wangependa kutoa shukrani siku ya uzinduzi. Waziri alifurahi mno, kwani alikuwa hajapata kushukuriwa na watu wasiolipwa. Wakapewa nafasi katika ratiba, baada ya bendi na kabla ya chakula.

Siku ikafika. Jukwaa lilipambwa kwa makuti na bendera. Waziri aliketi katikati, na kulia kwake akaketi Bwana Zahoro na nishani yake, akila sambusa. Wanawake waliingia uwanjani wamevaa kanga mpya, kimya. Hawakusimama kama watu wa mkutano. Waliketi chini, miguu wameikunja ubavuni, mikono mapajani, kama wanavyoketi wageni waliokaribishwa nyumbani mwa mtu.

Bi Shumbana akapanda jukwaani. Asumini alimfuata ameshika bega lake. Bi Shumbana alikuwa na sinia iliyofunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa, na alipokifunua palionekana chupa moja yenye lebo mpya, na kijiko.

"Mheshimiwa," alisema, "ulituambia redioni kwamba wewe ndiwe mwenyeji na sisi tu wageni wako. Hatukuchelewa. Tumekuja, tumeketi, na kinywaji tumekiona." Akapiga goti, kwa adabu isiyo na dosari. "Onja, baba, utuondolee shaka."

Wapiga bendi waliweka tarumbeta zao magotini, kwa maana nao walikuwa wamelelewa na mama zao.

Lazima nimtendee Waziri haki: hakujua kilichomo katika chupa. Wale waliojua walikuwa wengi ofisini mwake, lakini hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumhuzunisha. Bwana Zahoro alimvuta pindo la koti mara kadhaa, akamnong'oneza, na Waziri, aliyedhani anakumbushwa wapiga picha, akatabasamu zaidi. Bi Shumbana alimimina kijiko kimoja, akakinyanyua.

"Kijiko kimoja kinatosha, Mheshimiwa. Binti yangu alianza na kimoja."

"Serikali hainywi kwa kijiko," Waziri alisema, akaagiza bilauri.

Bi Shumbana alimwambia tena kwamba kimoja kinatosha. Hilo walilisikia wote, nami naliandika ili lisije likapotea. Bilauri ikaletwa. Ikajazwa. Waziri akainywa yote, akaitikisa juu chini kuonyesha kwamba haina kitu, akajilamba midomo. Maofisa wakapiga makofi. Wanawake hawakupiga, bado walikuwa wageni, na pale jukwaani palikuwa na mwenyeji mwingine.

"Na wewe, mwenye mapipa," alisema Bi Shumbana.

Bwana Zahoro akasema kwamba amefunga.

"Amefunga na sambusa kifuani," mwanamke mmoja wa safu ya mbele alimwambia jirani yake, na makombo juu ya nishani yalionekana na wote.

Bwana Zahoro akasema kwamba tumbo lake haliko sawa. Bi Shumbana akamwonyesha lebo: wagonjwa kwa wazima. Bwana Zahoro akasema, sasa kwa sauti ndogo, kwamba kwa kweli hiyo ni dawa ya wanawake.

"Wake kwa waume," alisema Asumini. "Nimesomewa."

Kijiko kilikuwa mbele ya kinywa chake. Bi Shumbana hakukisogeza mbele wala nyuma. Bwana Zahoro alikitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyemfuga mwenyewe. Kisha akakisukuma kwa mgongo wa mkono. Kijiko kikaanguka juu ya mbao za jukwaa, na sauti yake ikafika hadi nyuma ya uwanja.

Hapana jiwe lililorushwa. Hapana tusi. Wanawake wakainuka, wakakung'uta kanga zao, wakaondoka, na neno moja tu likapita kutoka safu hadi safu: hakuonja. Waziri alikitazama kijiko, akamtazama Bwana Zahoro, akaitazama bilauri mkononi mwake. Wanasema kwamba huo ndio wakati wa kwanza alipoonekana akisoma jambo kwa makini.

*

Asubuhi yake Waziri aliwakaripia watumishi wake kwa kutofungua mapazia.

Alipelekwa hospitali kwa ving'ora. Sista Leokadia alimpokea akiwa amesimama wima chini ya agizo la ukutani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akalisoma, neno kwa neno, kwa matamshi safi: dawa yenye leseni haidhuru, aliyedhurika na arudi nyumbani kwake, akachunguze amekula nini kingine. Safari hii hakulia, kwa kuwa agizo halikumlazimisha.

Waziri alifoka kwamba yeye ndiye Waziri. Sista alimjibu kwamba anajua, maana sahihi yake iko chini ya agizo na ni sahihi nzuri sana. Waziri akaamuru agizo lifutwe mara moja.

"Halifutwi ila kwa mkono wa Waziri, Mheshimiwa, ndivyo lilivyoandikwa. Kalamu hii hapa. Karatasi iko mbele yako, kushoto kidogo."

Waziri akapapasa ukuta. Alipapasa dirisha, akapapasa kengele ya moto, mwishowe mkono wake ukakuta karatasi, akaitilia sahihi kwa nguvu zote. Ilikuwa kalenda ya kampuni ya mbolea. Sista Leokadia alimshukuru, akamwonyesha mlango. Na kwa kuwa hakuuona, akamshika mkono, kama Bi Shumbana alivyomshika binti yake, akamwongoza hadi nje.

Mpaka agizo lilipokuja kuondolewa na waziri mwingine, matibabu yalikuwa hayawezi kumfaa tena. Serikali haikukaa bure. Ilichunguza ikakuta kwamba lebo kwa mara nyingine imesema uongo, na ya safari hii ilikuwa na sura ya mtu. Lebo ikasimamishwa kizimbani, ikahukumiwa, ikachomwa uwanjani kwa tarumbeta, pamoja na lile tabasamu. Waziri wa zamani aliwekewa kiti safu ya mbele. Alisikia harufu ya gundi.

Ugawaji wa Tulizo katika kliniki ulisimama, si kwa amri, bali kwa sababu hapana mwuguzi aliyekubali kumkabidhi mwanamke chupa ambayo mwenyewe hajaionja, na hapana aliyekuwa tayari kuionja.

*

Bwana Zahoro hakushitakiwa. Angali na nishani yake, na sheria ya nchi ile inaendelea kumhurumia kama mwathirika. Mji pia haukumtendea ubaya wowote, hilo nimelihakikisha. Kila mlango humkaribisha. Kila mama humtilia maji mpaka ukingoni mwa kikombe, humpa kwa mikono miwili, na humwita Bwana. Ila hapana anayemwonjea. Na akiomba aonjewe, hujibiwa kwa maneno aliyoyazoea: haijathibitishwa kumdhuru mtu yeyote.

Mtu mwingine angekunywa. Lakini Bwana Zahoro anajua kuliko sisi sote kitu gani mtu anaweza kutia katika kinywaji akaenda kulala usingizi mwema. Mpishi wake aliondoka. Mkewe alirudi kwao na birika lake. Alibaki na kisima cha uani. Wanawake wa mtaa wakajizoesha kupita pale asubuhi, mmoja mmoja, wakichungulia ndani ya kisima na kwenda zao. Niliuliza kama walitia kitu. Hawakutia. Walichungulia tu. Siku chache baadaye Bwana Zahoro akakifunika kisima kwa bati na mawe. Sasa hutegemea mawingu: mvua inyeshapo husimama katikati ya ua wake, kichwa nyuma, kinywa wazi.

Kiangazi kilipokuwa kikali alifika mlangoni kwa Bi Shumbana, midomo imepasuka. Asumini alikuwa barazani akisuka ukili, kwa maana vidole vyake vimejifunza kazi ya macho. Bwana Zahoro akaomba maji. Asumini akainuka, akapapasa mtungi, akachota kwa kata, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Onja kwanza, mwanangu," Bwana Zahoro alimwambia. "Nakusihi."

"Mimi sioni kilichomo, Bwana Zahoro. Wewe una macho. Tazama, kisha uniambie."

Akatazama. Maji yalikuwa meupe, na uso wake ulikuwa ndani yake. Alitazama kwa muda mrefu, akainusa kata, akaileta karibu na midomo, akaiondoa. Bi Shumbana alikuwa amesimama kizingitini wakati wote huo, mikono ameikunja. Bwana Zahoro akaiweka kata chini taratibu, asimwage hata tone, akaenda zake juani.

Asumini akainama, akaitafuta kata kwa mkono, akaikuta imejaa. Akanywa yote.

Bi Shumbana angali hai. Aliapa kwamba hafi mpaka amwone akionja, na mtu mwenyewe bado hajaonja. Kwa hiyo afya yake ni njema, na husema hana haraka.

Hadithi nimekukabidhini kwa mikono miwili. Mimi nimekwisha kuionja.